Gurudumu la Mbele, Upande wa Kushoto

Siku baba mkubwa alipokuja kuchukua gari la babu, mimi niliamka kabla ya watu wote kwa sababu ya mlio. Kitanda changu kiko chini ya dirisha linalotazama banda la gari. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayesaga meno usingizini: kriii, halafu kimya, halafu kriii tena. Nikainua pazia upana wa kidole.

Alikuwa baba. Alikuwa pekupeku, amevaa fulana na suruali ya kulalia, mguu mmoja ameupandisha juu ya mpini wa spana ya magurudumu, mikono ameshika paa la gari ili asianguke. Alikuwa anakanyaga kwa uzito wake wote. Gurudumu lilikuwa la mbele, upande wa kushoto, lile ambalo tairi lake lilipasuka na kulala chini tangu mwaka juzi. Mpini wa spana ulielekea nyuma ya gari. Nilimtazama kuanzia nati ya kwanza mpaka ya tano. Kwa jinsi alivyokuwa anakanyaga, nati zilikuwa zinakwenda kulia, na kulia ni kufunga. Hilo halihitaji kumaliza shule. Chupa ya mafuta hufungwa kulia, bomba la maji hufungwa kulia.

Baba alikuwa anafunga.

Alipomaliza alifuta spana kwa kanga kuukuu, akairudisha kwenye buti, akafunga buti polepole kwa viganja vyote viwili ili lisilie. Kisha akatazama dirisha langu. Nilikuwa nimeshaachia pazia.

Babu alipofariki aliacha vitu viwili vya maana, nyumba tunayoishi na gari hilo. Ni gari la zamani, rangi ya maziwa, taa zake za mbele za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka, usukani wake mwembamba na mkubwa kama sinia. Baba alilitunza miaka kumi na minane. Yeye ndiye aliyempeleka babu hospitali nalo, na yeye ndiye aliyelala chini yake kwa mgongo kila lilipodondosha oili. Ukoo ulikaa sebuleni kwetu siku nzima, wakakubaliana kwamba mkubwa achukue gari, mdogo abaki na nyumba. Karatasi ikaandikwa. Lakini baba mkubwa hakutia sahihi. Alisema atatia siku gari litakapotoka getini kwa magurudumu yake.

"Sitaki kulibeba juu ya lori kama ng'ombe mgonjwa," alisema. "Na lisipotoka, tukae upya. Nyumba irudi mezani, gari lirudi mezani, vyote viuzwe."

Kwa hiyo gari likitoka, nyumba ni yetu. Likikwama, sisi watatu tuanze kutafuta pa kuweka vitanda. Magurudumu matatu yalikuwa mazima, yalihitaji upepo tu. Lililobaki ni hilo moja la kung'olewa, liwekwe la akiba. Na baba yangu mwenyewe alikuwa amelikaza alfajiri, akijificha.

Nilikaa kitandani nikijiuliza kwa nini. Jibu nililolipata sikulipenda. Baba hakutaka gari liondoke. Jioni nyingi nilimkuta amekaa ndani yake, redio haina betri, ameshika usukani tu. Nikawaza, kumbe kati ya gari na sisi, amechagua gari.

Wakati wa chai mama aliuliza, "Hukuligusa lile gari, eti?"

"Niliguse la nini?"

"Maana nilikwambia. Mpaka kaka yako afike, mbele ya macho ya watu. Yule akitafuta kisa hakosi. Ukilifuta vumbi atasema umefuta na namba ya injini."

"Sijaligusa," baba alisema, akitazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu lilikuwa limezama humo.

Niliinama kuokota kijiko ambacho hakikuanguka. Chini ya meza, unyayo wa baba wa kulia ulikuwa na mstari mweusi wa grisi, umekatiza katikati kama barabara kwenye ramani. Nikainuka. Chai ilikuwa na sukari lakini sikuisikia.

Baba mkubwa aliingia saa tatu, amevaa suti na viatu vilivyong'aa, mkononi faili la plastiki lenye ile karatasi. Nilimsalimia kwa kupiga goti kidogo. Akanijibu kama anavyonijibu siku zote.

"Marahaba, Bibi Kimya. Bado hujapata ulimi tu?"

Nilicheka kwa pua. Ndivyo ninavyojibu mambo mengi.

Fundi naye alifika dakika hiyohiyo, anasukuma baiskeli, begi la vyuma limelala kwenye kiti cha nyuma. Watu humwita Kumi na Saba, kwa sababu ya spana anayoitaka kuliko zote. Hata akihitaji ya ukubwa mwingine, kwanza ataomba kumi na saba, kisha aikatae. Ni mzee mwenye miguu ya matege, na tangu nimepata akili sijawahi kumwona na shati lisilo na oili.

"Huyu fundi ni wa nani?" baba mkubwa aliuliza.

"Ni fundi wa watu wote, kaka," baba alisema.

"Nauliza ni rafiki wa nani."

"Mimi ni rafiki wa anayenipa chai," Kumi na Saba alijibu akiegesha baiskeli. "Na mpaka sasa hapa sijaona hata kikombe."

Mama aliniashiria nikalete chai. Nilikwenda na kurudi mbiombio, sikutaka kupitwa na kitu.

Fundi alibandua kifuniko cha gurudumu kwa bisibisi. Nati tano zikaonekana, zimekaa duara. Akaweka spana kwenye ya kwanza. Mpini aliuelekeza nyuma ya gari, palepale baba alipouelekeza alfajiri.

"Ngoja," baba mkubwa alisema. "Hapo unafanya nini?"

"Nafungua."

"Unafungua kwa kufunga?"

Kumi na Saba alishusha pumzi kama mwalimu aliyepewa darasa gumu. "Mzee, magari ya umri huu yana tabia zake. Upande wa kulia nati zake hufunguka kama chupa. Upande wa kushoto ni kinyume, unazungusha kana kwamba unafunga, ndipo zinafunguka. Waliolitengeneza waliogopa gurudumu likizunguka lisije likalegeza nati zake lenyewe njiani."

"Nani kakwambia?"

"Nati zenyewe. Nilikuwa nazifungua wewe hujaota ndevu."

"Ndivyo ilivyo, kaka," baba alisema. "Hata mimi marehemu mzee ndiye aliyenifundisha."

Baba mkubwa alimtazama fundi, akamtazama baba, akarudi kwa fundi. "Naona mmefundishwa pamoja," alisema.

Mimi moyo ulinitulia kidogo. Kama hiyo ndiyo sheria ya gari hilo, basi baba alfajiri alikuwa anafungua, mimi ndiye niliyekosea. Lakini raha yangu haikukaa. Kama alikuwa anafungua, amekanyaga nati zote tano kwa uzito wote ule, mbona sikuona hata moja ikilegea? Na kama ni jambo jema alilofanya, mbona alidanganya?

Kumi na Saba alikanyaga. Kriii. Nati haikulegea. Akaingia ya pili, ya tatu. Akachomeka bomba refu kwenye mpini ili apate nguvu, akaning'inia juu yake na miguu yake ya matege ikapaa. Baba akamsaidia, wakaning'inia wawili kama nguo kwenye kamba. Kriii, kriii, halafu ghafla, tak! Bolti ya nne ikakatika, kichwa chake na nati vikaruka na kugonga ndoo ya mama.

Kumi na Saba aliokota kile kipande, akakigeuza, akakinusa.

"Hii si kutu," alisema. "Kutu ina kelele yake, hulia kama mlango. Hizi zimekazwa. Na hazikukazwa zamani, tazama hapa pembeni, chuma kimechubuka kinang'aa." Alituangalia mmoja mmoja. "Nani kashika nati hizi?"

"Hakuna," baba alisema.

Hiyo ilikuwa mara ya pili.

"Hakuna," baba mkubwa alirudia taratibu, akavuta kopo tupu la rangi, akaweka leso juu yake, akakaa. "Gari liko ndani ya banda. Banda liko ndani ya geti. Geti lina kufuli. Na nati zimekazwa na hakuna." Akanigeukia. "Bibi Kimya. Si wewe unayelala dirisha lile pale?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Umeona nini?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilijua baba ananitazama, na sikuthubutu kuinua uso niyaone macho yake yanasema nini.

"Sijui," nilisema.

"Sikukuuliza unajua nini. Nimeuliza umeona nini."

"Kaka, mwache mtoto," baba alisema.

"Mtoto? Huyu mtu mzima, anaweza kuolewa kesho. Tatizo la nyumba hii hakuna mtoto wala mkubwa, kila mtu kameza kufuli."

Mama akanivuta jikoni kwa kisingizio cha vikombe. Alifunga mlango, akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Ni yeye," alinong'ona.

"Nani?"

"Baba yako mkubwa, nani tena! Katuma mtu aje akaze. Gari lisitoke, nyumba iuzwe, apate fungu huku na gari huku. Yule anataka kula na mfupa. Hukusikia kitu usiku?"

"Sikusikia."

"Wewe ukisema hukusikia unapepesa macho."

"Mama, sikusikia."

Alinitazama kwa muda, na nikaona kwamba sasa ananishuku hata mimi. Alichukua sinia akatoka. Mimi nilibaki nimeshika kitambaa. Ulimi wangu ulikuwa mzito tangu utotoni, walimu walinichoka, wenzangu walinizoea, hata nilipoacha shule darasa la sita ili nimuuguze babu hakuna aliyegundua kwa wiki nzima. Lakini siku zote nilinyamaza kwa sababu sina la kusema. Siku ile nilikuwa nalo, na lilikuwa limenikaba kama mwiba wa samaki.

Nilipotoka, ugomvi ulikuwa umepanda ngazi. Kumi na Saba alitaka kupasua nati kwa patasi. Baba mkubwa hakukubali.

"Uharibu na ringi? Ili gari likae hapa mwezi mwingine mkisubiri ringi? Nimewaelewa. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kaka, unamsema nani?"

"Anayejijua."

"Mzee," Kumi na Saba alisema, "kama unaona nakudanganya, spana hiyo hapo. Njoo ufungue mwenyewe."

Alisema kwa kejeli. Baba mkubwa aliichukua kama mwaliko. Alisimama, akavua koti, akanipa mimi nilishike, akakunja mikono ya shati mara mbili kila upande kwa vipimo. Akaenda kwenye gurudumu, akaweka spana kwenye nati ya kwanza. Lakini mpini hakuuelekeza nyuma. Aliuelekeza mbele ya gari.

Kumi na Saba alicheka. "Hapo mzee unafunga."

"Basi nifunge."

"Utakata na nyingine!"

"Ikikatwa na mwenyewe haiumi."

Akachomeka bomba, akaegemea. Si mtu mwembamba. Gari lilitikisika. Kilitoka kilio kirefu, si kriii ile, kilikuwa kama mbuzi anayevutwa masikio, kisha spana ikaporomoka na baba mkubwa akakaa chini kwa kishindo, suruali ya suti kwenye vumbi.

Angekuwa mtu mwingine tungecheka. Alijiinua bila kujipangusa, akaweka vidole viwili kwenye nati, akaizungusha. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Akaitoa, akaiweka kwenye kiganja, akatuonyesha kama mtu anayeonyesha jino lililong'olewa.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Fundi mmoja mzee, dereva mmoja wa miaka kumi na minane. Mnaning'inia hapo asubuhi nzima kama popo. Mtu wa ofisini, ambaye hata taa ya baiskeli hajui kuiwasha, anafungua kwa mkono mmoja. Mlikuwa mnafunga. Mbele ya macho yangu, mnafunga, na mnanihubiria sheria za magari ya zamani!"

"Kaka, haki ya Mungu..."

"Usimtaje Mungu, ana kazi nyingi." Akatoa simu. "Napiga kwa wazee sasa hivi. Karatasi hii imekufa. Tukutane sebuleni, tuuze kila kitu."

Baba alisimama mikono imening'inia. Alionekana mtu asiyeelewa kitu chochote duniani. Nilimtazama uso, nikitafuta hatia niliyoiona alfajiri, na sikujua kama naiona au naiweka mimi. Hapo ndipo nilipochoka. Sikusema ili kumtetea. Nasema kweli. Nilisema kwa sababu nilitaka yeye mwenyewe ajibu, nisikie.

"Baba alikuwa hapa alfajiri," nilisema.

Baba mkubwa aliteremsha simu kutoka sikioni.

"Alikuwa anakanyaga spana," niliendelea, koti lake nimelikumbatia kifuani. "Gurudumu hilohilo. Nati zote tano. Mpini ulielekea nyuma."

"Mungu wangu," mama alisema. Alimgeukia baba. "Nilikwambia usiliguse. Ukaniambia hujaligusa. Nimekaa hapa namsingizia kaka yako!"

"Unanisingizia nini?" baba mkubwa aliuliza.

Wote tulimtazama baba. Alikuwa ananitazama mimi tu.

"Ni kweli," alisema. "Nililegeza nati. Nilitaka kaka akifika asisubiri, gurudumu litoke mara moja, ajue natoa kwa moyo mweupe. Mama yako alinikataza kugusa, ndiyo maana nikasema sikugusa. Nililegeza. Nilidhani nimelegeza."

"Ulikaza," baba mkubwa alisema.

"Nililegeza, kaka!"

"Acheni kidogo," Kumi na Saba alisema. Alikuwa amechutama, anakuna kidevu kwa ile nati. "Acheni kelele. Binti, hebu rudia. Mpini ulielekea wapi?"

"Nyuma."

"Nati zote?"

"Zote tano. Nilitazama mpaka mwisho."

Fundi aliinuka, akachukua spana, akaenda kwenye gurudumu la nyuma, upande uleule wa kushoto. "Mzee, njoo. Fungua na hili, kwa ile njia yako ya chupa."

Baba mkubwa alikwenda kwa mashaka, kama mtu anayeitwa kutazama shimo. Aliegemea. Nati haikusogea. Akaegemea mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wapi. Fundi akachukua spana, akageuza mpini ukaelekea nyuma, akakanyaga mara moja kwa kisigino. Nati ikalegea.

"Umeona? Sheria ipo," Kumi na Saba alisema. "Gurudumu la nyuma linaifuata. La mbele haliifuati. Sasa sikiliza. Ndugu yako anaijua sheria. Angetaka kukaza ili akukomoe, angezungusha upande ambao kwa akili yake unakaza, yaani mpini mbele. Na angefanya hivyo, nati zingelegea, maana gurudumu lile limekaa kinyume cha sheria. Binti anasema mpini ulikuwa nyuma. Basi alikuwa anafungua kwa akili yake, na anakaza kwa mguu wake. Kama mimi. Asiyejua lolote ndiye angefungua, na amefungua."

Baba mkubwa alifikiri. Niliona anafikiri, midomo ilikuwa inatembea. "Au alijua kwamba hili limekaa kinyume," alisema.

"Hapo sasa," fundi alisema. "Hapo tuulize gurudumu."

Nati tatu zilizobaki zilifunguka kwa njia ya chupa, moja baada ya nyingine, na kila iliyotoka baba alikuwa anatikisa kichwa. Hata hivyo gurudumu halikutoka. Lilikuwa limeshikana na chuma cha nyuma yake kwa kutu ya miaka. Kumi na Saba alipiga jeki, akakaa chini, akalipiga kwa visigino, juu, chini, kulia, kushoto, akiimba kitu kisicho na maneno. Lilitikisika, likalia, likamwangukia mapajani.

Nyuma yake palikuwa na kile chuma cha mviringo chenye bolti, kinachobeba gurudumu. Kilikuwa chekundu. Baba alilala chini kwa mgongo, kama alivyozoea, akachungulia upande wa pili wa gari.

"Cha kulia ni cheusi," alisema kutoka chini.

"Na vya nyuma vyeusi," Kumi na Saba alisema. "Hiki kimetoka kwenye gari lingine, tena upande wa kulia wa gari hilo. Mtu kakitoa kwenye chakavu akakipachika hapa bila kujali. Na si cha jana, grisi imeshakuwa jiwe. Miaka mitatu, minne."

"Mtunzaji alikuwa nani miaka mitatu, minne?" baba mkubwa aliuliza, na mkono ukarudi kwenye simu.

Baba alitoka chini ya gari, mgongo wote vumbi. Alikaa hapohapo chini.

"Mimi," alisema. "Halikuwahi kulala nje ya banda hili. Ila mara moja. Harusi ya mwanao, kaka. Lilikaa kwako siku nne, wewe ukasema maharusi wanalipenda."

"Na nililirudisha limeoshwa vizuri, likiwa zima!" baba mkubwa alisema haraka. "Yule fundi wa kule aliniambia ni kitu kidogo tu, hata mzee hatajua."

Alisikia mwenyewe alichokisema. Tulimwona akikisikia. Mkono wenye simu ulishuka taratibu mpaka ukafika pajani.

Kumi na Saba alijifanya anatafuta spana kumi na saba ndani ya begi.

"Dereva aligonga ukingo wa barabara," baba mkubwa alisema, akiliambia gurudumu. "Wakati wa kurudi. Ningemwambiaje mzee? Mnamjua. Nina wajukuu, lakini mzee akinitazama vile nilikuwa najikojolea. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa... basi."

"Mimi ndiye ningemwambia," baba alisema. "Angenigombeza mimi. Nimezoea."

"Najua."

Mama alianza kusema kitu, nikamwona akikimeza. Kilikuwa kikubwa, kilipita kwa shida.

Gurudumu la akiba liliingia na bolti nne. Fundi alisema nne zinatosha kwa mwendo wa pole, na zifungwe kama chupa, asije mtu akamletea sheria tena. Yale magurudumu mengine matatu yakajazwa upepo. Baba mkubwa alitia sahihi karatasi juu ya boneti, akapuliza wino ukauke, akampa baba kwa mikono miwili. Aliomba baba amwendeshee mpaka kwake. Baba alikataa. Alisema bora afundishwe papo hapo, gia ya pili ina kiburi, asiilazimishe. Wakakaa ndani ya gari wawili, milango imefungwa, muda mrefu kuliko gia ya pili inavyohitaji. Kisha baba akashuka na gari likatoka getini kwa magurudumu yake, linakohoa.

Jioni baba alinikuta kwenye karo, anakuja kunawa. Nilimmiminia maji. Alisugua mikono kwa sabuni ya unga, akasugua na unyayo wa kulia.

"Uliangalia muda gani?" aliniuliza.

"Mpaka ulipomaliza."

"Ukafikiri nini?"

Ningeweza kusema sijui. Neno hilo nalijua vizuri.

"Nilifikiri unafunga," nilisema. "Nilifikiri unalitaka gari kuliko sisi."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye mikono yake ingawa povu lilikuwa limeshaisha. Alitazama banda tupu, doa la oili sakafuni. Nilisubiri anigombeze. Nilisubiri pia aseme kwamba sikuwa na haki ya kufikiri hivyo, kwamba hajawahi, hata kwa dakika moja, kulitaka gari kuliko sisi. Hakusema.

"Nipe taulo," alisema tu.

Nyumba ni yetu, karatasi iko kabatini chini ya mashuka. Lakini tangu siku ile baba amepata tabia mpya. Kila anachokishika anakitaja kwa sauti, hasa mimi nikiwa karibu. "Nafunga bomba," atasema, na bomba liko mbele yangu naliona. "Naazima nyundo. Naipeleka kwa jirani. Nitarudi nayo." Mama humcheka mpaka anashika mbavu, anamwita mtangazaji wa mpira. Na baba naye hucheka, kisha hunitazama kama nimesikia.

Mimi humjibu, "Sawa, baba." Na akishatoka, huwa nakwenda kugusa bomba.